Video ya Fundi Redio

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa na cherehani moja, meza ndefu ya kukatia nguo, na misumari mingi ukutani isiyokuwa na kazi. Misumari ile aliipigilia baba. Enzi zake zilining'inia redio hapo. Kulikuwa na redio ya mwalimu, redio ya muuza mkaa, na redio kubwa ya mzee mmoja ambaye kila mara aliileta ikiwa nzima, kwa sababu alichokitaka hasa ni maongezi. Baba alikuwa fundi redio. Sasa baba hayupo, redio hazipo, na chumba ni cha binti yake, fundi cherehani. Watu wa mtaa wanamwita Fundi tu, kama walivyomwita baba yake.

Fundi alikuwa mwanamke wa usafi, na usafi wake ulitisha kidogo. Nguo ikiisha kushonwa na kupigwa pasi, papo hapo alishika ufagio. Vipande vya kitambaa nje, nyuzi nje, karatasi za vipimo nje. Wateja walimtania kwamba mtu akichelewa kuinuka kitini, atafagiwa na yeye.

Chumba cha nyuma alikaa mama yake. Macho ya Mama yalikuwa yanafifia. Watu aliwatambua wakikaribia sana, na jikoni alishajiunguza mkono. Fundi alishinda kwenye cherehani, hakuwa na nafasi ya kumwangalia mchana kutwa. Basi watoto wakazungumza, wakakubaliana Mama ahamie kwa Kaka, mji wa mbali kidogo, ambako kuna mke wa Kaka na wajukuu wakubwa. Kaka angekuja na gari kumchukua Jumamosi.

Mama hakubisha. Lakini jioni moja, wakikunja shuka pamoja, alisema neno lililomchoma Fundi moyoni.

"Unajua, mwanangu, sura ya baba yako ninayo. Nikifumba macho namwona, na kile kikofia chake. Sauti ndiyo inanikimbia. Naitafuta, siipati."

"Mbona ulikuwa unamwigiza vizuri, Mama? Tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma."

"Hiyo zamani. Siku hizi namwigiza mtu nisiyemjua."

Fundi alimaliza kukunja shuka. Alikuwa anawaza kanda za mjomba.

Miaka mingi nyuma, mjomba wao aliazima kamera ya video. Akazunguka nayo nyumba nzima kama mtu aliyepewa cheo. Alirekodi kuku. Alirekodi watoto wakioga kwenye beseni. Alimrekodi baba kazini. Kisha kanda zikakaa juu ya kabati mpaka zikaota ukungu. Mwaka uliopita Fundi alizipeleka kwa mtu anayehamishia kanda kwenye kompyuta. Zilizopona zikahamishwa, akakabidhiwa kwenye flashi. Kanda zenyewe, unamjua tena Fundi, zilifagiwa.

Kompyuta aliyokuwa nayo aliachiwa na binti yake alipoenda kufanya kazi mbali. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuhariri video. Fundi alijifunza mwenyewe, kidogo kidogo, kila alipofunga kazi. Aliona si jambo geni sana. Unakata hapa, unaunga pale, unapunguza panapozidi. Kuku aliwakata. Watoto wakioga aliwakata pia, kwa heshima ya Kaka, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye kitambi. Alibakiza siku ya harusi ya shangazi, Mama akiwa kijana anaanika nguo, na baba akipunga mkono mlangoni, akaviwekea wimbo.

Karibu na mwisho aliweka kipande cha baba akiwa karakanani. Katika video zote, hapo tu ndipo baba aliposema. Kwingine kote mjomba ndiye aliyeongea, na aliongea bila kupumua. Fundi alikicheza kipande kile tena na tena. Alilia, akacheka, akalia tena, na hakuona aibu kwa sababu alikuwa peke yake.

"Nitumie nionje," Kaka alimwambia kwenye simu.

Katika programu kulikuwa na kitufe chenye picha ya simu. Fundi akakibonyeza, video ikaingia kwenye simu yake, akamtumia. Kaka alijibu kwa ujumbe wa sauti. Sauti yake ilikuwa nzito, anavuta kamasi, akasingizia mafua.

Siku ya Ijumaa, asubuhi, Fundi aliona kazi imekwisha. Akabonyeza kitufe cha "Hifadhi". Faili likatokea, akalinakili kwenye flashi. Liliingia kufumba na kufumbua.

"Kumbe kompyuta inajua kukunja kuliko mimi," akajisemea kwa furaha.

Kisha akafanya alichozoea kufanya kazi ikiisha. Alisafisha. Vipande vyote vya zamani vilivyokuwa kwenye kompyuta akavifuta. Kipande cha baba karakanani kilikuwa kwenye flashi ileile, hakuwahi kukihamisha. Akakifuta nacho, na nafasi yake akaijaza nyimbo nyingi za kumliwaza Mama njiani. Alipomaliza alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetoka kudeki nyumba nzima.

Mchana akachomeka flashi nyuma ya televisheni ya Mama, iliyokuwa hapo chumba cha mbele, ili aijaribu. Mama alikuwa kitandani, mlango wazi. Nyimbo zilionekana kwenye kioo. Video haikuonekana. Alipolichagua lile faili, televisheni ikaandika: "Faili halitambuliki."

"Tayari?" Mama akauliza kutoka chumbani.

"Bado, Mama. Kesho."

Fundi akarudi kwenye kompyuta, akafungua kazi yake. Pale palipokuwa na harusi ya shangazi palikuwa peusi. Mama akianika nguo, peusi. Baba, peusi. Na katika kila weusi kulikuwa na maandishi mekundu: "Faili halipo." Alitoka mbio, futi ya kupimia bado inamning'inia shingoni, akavuka njia kwenda kwa Mama Kamera.

Mama Kamera ni jirani. Kazi yake ni kurekodi harusi na mahafali, na mtaani hakuna mtu mzima ambaye hajawahi kuonekana kwenye video zake akitafuna. Fundi alimkuta anafuta vumbi kwenye kamera. Alimweleza yote mlangoni, maneno yakigongana.

"Subiri," Mama Kamera akasema. "Umefuta?"

"Nimefuta."

"Vyote?"

"Nilikuwa nasafisha."

Mama Kamera akaiweka kamera chini. "Jirani, huo usafi wako utakuja kukutia wazimu. Haya, twende. Lakini kuanzia sasa usibonyeze kitu, usihifadhi kitu, na ufagio uweke mbali."

Alipofika, Mama Kamera alikwenda moja kwa moja kwenye pipa la takataka la kompyuta. Vitu vinavyofutwa kwenye kompyuta hukaa humo kwanza. Bahati nzuri, Fundi hakulimwaga. Harusi ilikuwemo. Mama akianika nguo alikuwemo. Mama Kamera akavirudisha kimoja kimoja, na picha zikaanza kuwaka tena kwenye kioo.

"Na cha karakanani?" Fundi akauliza.

"Hicho kilikuwa wapi?"

"Kwenye flashi."

Mama Kamera akaguna. "Flashi mara nyingi haina pipa. Ukifuta humo, umefuta." Alijaribu programu yake ya kuokoa mafaili. Ilirudisha majina na vipande visivyofunguka. Zile nyimbo zilikuwa zimekalia nafasi yote.

Fundi akakaa kwenye kiti cha wateja, akajifunika uso. "Mama alitaka kitu kimoja tu. Asikie sauti yake kabla hajaondoka. Na mimi nimeitupa kwa mkono wangu."

Mama Kamera hakumkemea. Alivuta kigoda, akakaa karibu yake. "Ulisema Kaka yako alionja. Alionja nini?"

Fundi akainua kichwa. Alitoa simu, akatafuta, akacheza. Ilikuwa ileile aliyomtumia Kaka. Picha ndogo, yenye ukungu, lakini baba alikuwemo, na sauti yake ilitoka safi kabisa.

Kaka alifika jioni, siku moja kabla, kwa sababu hakutaka kuendesha alfajiri. Alipoelezwa mkasa akacheka. "Si ndiyo hiyo? Tuweke hiyohiyo ya simu, mambo yaishe."

"Tuijaribu kwanza," Mama Kamera akasema.

Mama alikuwa kwa majirani kuaga, kwa hiyo televisheni ilikuwa huru. Walipoiweka ile ya simu kwenye kioo kikubwa, nyuso zote zikawa kama zimepakwa uji. Shangazi hakuwa na pua. Kaka akaacha kucheka.

"Kwenye simu ilikuwa nzuri," alilalamika.

"Kwa sababu simu ni ndogo. Tutachukua kipande kimoja tu humu, cha karakanani, maana hatuna kingine. Vingine vyote tuna vya asili." Mama Kamera akakikata humo, akakiunga mahali pake, kisha akamgeukia Fundi. "Sasa kaa hapa ubonyeze mwenyewe. Mimi nitasema tu. Lile faili dogo ulilobeba kwenye flashi unajua lilikuwa nini?"

"Nilidhani ni video."

"Ni maelezo. Linaiambia programu: chukua picha kutoka mahali fulani, kata hapa, unga pale, weka wimbo huu. Picha zenyewe hazimo. Wewe mteja wako ukimpa karatasi ya vipimo badala ya nguo, atavaa?"

"Atatembea uchi," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akatabasamu.

"Ndiyo maana televisheni ilikataa. Kuhifadhi kazi ni kwa ajili yako wewe, uje uendelee kesho. Kutoa video watu waiangalie kuna kitufe chake. Hiki hapa, 'Hamisha'. Bonyeza."

Fundi akabonyeza. Ukafunguka ukurasa uliojaa maswali. Alirudi nyuma kidogo.

"Usiogope. Kabla hujaijibu kompyuta, jijibu mwenyewe. Nani ataangalia, na ataangalia kwenye nini?"

"Mama. Kwenye televisheni yake, kwa flashi."

"Basi aina ya faili chagua MP4. Hiyo inafunguka kwenye televisheni nyingi, kwenye simu, kwenye kompyuta. Ukiwa na shaka, shika hiyo. Sasa ukubwa wa picha."

"Mkubwa kuliko wote," Fundi akajibu haraka. "Ni baba yangu."

"Najua ni baba yako. Lakini kanda za zamani zilirekodi picha ndogo. Ukilazimisha iwe kubwa, uso hauongezeki uwazi. Unapata faili zito tu, na televisheni ya zamani inaweza kukwama nalo. Shati la mtoto hata ulivute vipi, litamtosha huyu?"

Wote wakamtazama Kaka tumboni. Kaka akavuta shati chini. "Mniache," akasema.

"Ukubwa uache kama ulivyo kwenye vipande vya asili. Ila hapa palipoandikwa ubora, weka wa juu. Ubora ukiwa chini, kompyuta inaibana picha ili faili liwe jepesi, na nyuso zinapotea. Ndicho kilichoipata hii ya simu."

"Mbona kile kitufe cha simu hakikuniuliza chochote?"

"Kilijijibu chenyewe. Kilijua unataka kitu chepesi cha kutuma haraka. Kwa kutuma hakina neno. Kwa kuweka kumbukumbu ya nyumba, hapana."

Fundi akachagua alivyoelezwa, akafuta nyimbo kadhaa kwenye flashi ili kupata nafasi, akabonyeza mara ya mwisho. Mstari mwembamba ukaanza kutambaa kwenye kioo, taratibu sana. Wakakaa kuusubiri. Kaka akaenda kuchemsha chai.

Mama Kamera alitazama misumari ukutani. "Redio ya kwanza ya ndoa yangu ilitengenezewa hapa," akasema. "Mume wangu aliiangusha siku tuliyohamia. Nikaileta nalia. Baba yako akaifungua, akaipuliza, akaniambia, 'Redio ni nzima, bi harusi. Mwenye kuangaliwa ni huyo mume.'"

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa amesahau kwamba baba alikuwa na maneno ya namna hiyo. Aliona kama chumba kina harufu ya risasi ya kuunganishia nyaya, ile iliyokuwa ikimkaribisha alipotoka shule. Alitamani jioni ile isiishe.

Mstari ulipofika mwisho, alinyoosha mkono kuchomoa flashi.

"Bado," Mama Kamera akasema. "Tunaiangalia yote. Mwanzo mpaka mwisho, kwenye televisheni ileile atakayotumia Mama. Usiangalie kwenye kompyuta ukasema imekubali."

Ikawa kweli. Picha zilikuwa nzuri, shangazi alirudishiwa pua yake. Lakini walipofika kwa baba, sauti yake ilikuwa chini mno, na wimbo uliotangulia ulikuwa juu. Kama wangeishia kwenye kompyuta wasingegundua. Fundi akarudi, akaondoa wimbo mahali pale, akapandisha sauti ya baba, akahamisha upya. Wakaangalia tena yote. Safari hii hapakuwa na la kusahihisha.

"Sasa nakala," Mama Kamera akasema. "Hii nzito ibaki kwenye kompyuta yako, na nyingine nitaiweka kwangu. Nyumba mbili, ili likitokea la kutokea isipotee. Hii ya flashi ni ya Mama. Ndugu wa mbali watumie ile nyepesi."

"Na vipande vya asili?"

"Wewe unasemaje?"

Fundi alivitazama pale kwenye kioo, vimejipanga ovyo, majina yake hayaeleweki. Vilimkera kwelikweli. Akatengeneza folda moja, akaviingiza vyote, hata kuku, hata watoto kwenye beseni. Akaiandika: "Usifute."

Jumamosi asubuhi mizigo ya Mama ilikuwa tayari kwenye gari. Ilibaki televisheni yake tu, ambayo ingepakiwa mwisho. Kaka alikuwa amesimama mlangoni na funguo mkononi. Alitaka waondoke kabla jua halijakaa kichwani. Fundi alimketisha Mama kwenye kiti karibu kabisa na kioo, akachomeka flashi.

Video ikaanza. Mama alisogeza uso mbele, akakunja macho. Alimtambua shangazi kwa gauni lake. Alipojiona anaanika nguo, aliuliza, "Huyu msichana mwembamba ni nani?" Walipomwambia, hakuamini, akadai wamrudishie ajione tena. Walimrudishia. Alicheka sana, akapiga paja.

Kisha kikaja kipande cha karakanani. Picha ikawa na ukungu. Baba alikuwa kivuli tu chenye kofia, kimeinamia meza.

"Hapa picha si nzuri, Mama," Fundi akasema. "Ni kosa langu. Unisamehe."

Mama akainua mkono. "Nyamaza."

Kwenye video, baba alikuwa ametengeneza kipaza sauti cha mtu. Alikigonga kwa kidole, tu, tu. Akakiweka mdomoni. Sauti yake ikajaa chumba kizima, ile nene yenye kicheko ndani yake.

"Mama watoto! Unanisikia huko jikoni?"

Siku ile ya zamani Mama alijibu, lazima alijibu. Lakini jikoni kulikuwa mbali na kamera ya mjomba, na kanda haikushika jibu lake. Palikuwa kimya tu. Baba alikaa na kipaza sauti chake mkononi, kichwa amekiinamisha upande, anasubiri.

"Nakusikia, baba watoto," Mama akasema. "Nakusikia vizuri."

"Haya," baba akajibu kwenye televisheni. "Kimepona hicho."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Ndiyo yenyewe," akasema. "Ndiyo hiyo. Nirudishieni tena."

Fundi akarudisha. Kaka akaweka funguo za gari juu ya meza ya kukatia nguo, akavua viatu, akakaa chini karibu na miguu ya Mama.